Bibi yangu alikuwa na pumu ya ngozi akiwa mchanga wakati wa Maji Maji: jinsi mama yake alivyomtuliza pangoni

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Na wadogo zangu nawaitikia marahaba kabisa.

Naona humu wazazi wengi wanahangaika na pumu ya ngozi ya watoto. Mashavu mekundu, viwiko vimechanika, mtoto anajikuna mpaka damu. Mama mmoja kaandika kwamba mawifi wanasema mtoto kabemendwa. Nikasema hapana, leo na mimi nishike simu.

Ninachoeleza ni cha kweli, kimetokea kwenye ukoo wangu. Sijui kuandika sana, mtanivumilia.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza pale Lindi mjini, ngozi yake ilianza vizuri tu. Baadaye mashavu yakawaka, yakatoa majimaji, yakakauka magamba. Alikuwa halali, na mimi silali.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Hadija, akaja kutoka Kinjumbi, kule pwani kaskazini ya Kilwa, kunisaidia ulezi. Alikuwa kikongwe tayari. Akamshika mtoto, akamgeuza geuza, halafu akacheka.

Nilikasirika jamani.

"Bibi, mtoto anaumia na wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu huyu kanirithi mimi. Lete maji, yasiwe ya moto. Nikuhadithie mama yangu alivyopata tabu na mimi."

Kwa hiyo haya niliyasikia kwa bibi, na yeye aliyasikia kwa mama yake.

Mama yake bibi aliitwa Somoe. Wakati ule anatawala Mjerumani. Watu wa Kinjumbi wanalazimishwa kulima pamba kwenye shamba la akida, na ukichelewa unalambwa viboko. Mzazi hakuwa na likizo. Somoe alikwenda shambani na Hadija mgongoni, kamfunga kwa kaniki.

Hebu fikirieni. Jua la pwani, jasho la mama, jasho la mtoto, nguo ngumu inasugua shavu mchana kutwa.

Ngozi ikaripuka. Mtoto akawa analia kutoka shambani mpaka nyumbani.

Mama mkwe wake Somoe, Bi Mwajuma, ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Mwanamke mkali, neno lake halirudi. Alimwangalia mjukuu wake, akatoa hukumu mbele ya majirani.

"Mtoto huyu kabemendwa. Mwanangu anapigwa viboko kwenye pamba, wewe Somoe umekwenda kwa nani?"

Kwa wasiojua, kubemenda ndiyo ile imani kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto anaugua. Ni neno zito. Linavunja ndoa.

Somoe aliapa, akalia. Mumewe, Saidi, alikuwa kakaa kizingitini anasikia yote. Hakumfukuza mkewe. Lakini pia hakumtetea. Bibi aliniambia mama yake aliumia zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa lile neno.

Bi Mwajuma akaanza kumtibu mtoto mwenyewe. Anamwogesha maji ya moto yaliyochanganywa na majivu, halafu anamsugua kwa dodoki ili "uchafu utoke". Mtoto anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Ngozi inazidi kuvimba.

Na hakuwa na roho mbaya, wakuu. Alimpenda yule mtoto. Alikuwa anafanya alichokijua.

Basi ndipo ikaja habari ya dawa ya maji kutoka juu, milima ya Matumbi. Kwamba ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Watu wakamiminika. Bi Mwajuma akasema, kama dawa inazuia risasi, itashindwa na upele? Akambeba Hadija, akapanda naye milima.

Wakamnyunyizia usoni. Wakarudi.

Upele ulikuwa palepale.

Niseme kidogo hapa. Msiwacheke wazee wetu. Walikuwa wamechoka kupigwa kwenye ardhi yao. Mtu aliyechoka namna ile akiambiwa ipo dawa, anaikimbilia.

Vita vikaanza. Saidi akaenda na wenzake. Haukupita muda mrefu, askari wa Mjerumani wakafika maeneo yale, wanachoma nyumba, wanachoma na maghala ya chakula. Wanawake, watoto na wazee wakakimbilia milimani, wakajificha pangoni. Somoe na mama mkwe wake wakawa humo pamoja, neno lile bado liko katikati yao.

Na Hadija analia.

Watoto wengine wakilia wanapewa ziwa, wananyamaza. Hadija hakulia njaa, alilia muwasho. Ananyonya kidogo, anaachia, anajikuna, anapiga yowe. Pango linaitikia.

Mzee mmoja aliyekuwa akiongoza wale watu akamfuata Somoe.

"Mama, mtoto wako atatuua sisi sote. Mzibe mdomo, au toka naye."

Atoke aende wapi? Somoe alianza kufunga kifurushi chake huku machozi yanamtoka.

Bi Mwajuma akasimama.

"Akitoka mjukuu wangu, natoka na mimi," akasema. "Nusu ya waliomo humu nimewapokea kwa mikono hii wakiwa na damu ya mama zao. Nani ataninyooshea kidole nitoke?"

Yule mzee akatazama chini. Akasema basi, nendeni mwisho wa pango, sauti isifike nje.

Mwisho wa pango hakuna aliyekutaka. Kulikuwa na baridi, maji yanadondoka kutoka kwenye mwamba. Wakaenda.

Somoe akaketi kaegemea mwamba, mtoto kifuani. Lile shavu bovu la Hadija likagusa jiwe lenye maji. Kilio kikashuka. Somoe akamtoa, kilio kikapanda. Akamrudisha, kikashuka tena.

Akashtuka. Akamvua mtoto kaniki. Akachota yale maji kwa kiganja, akawa anamwagia taratibu, bila kumsugua popote.

Bi Mwajuma kwa mazoea akatoa dodoki lake kwenye kifurushi. Somoe akamshika mkono.

"Mama, nakuomba. Leo usimsugue."

Bibi alinambia mama yake hakuwahi kumkatalia mkwe wake kitu chochote kabla ya hapo. Alidhani atapigwa kofi.

Bi Mwajuma akamwangalia mjukuu. Mtoto ametulia, anavuta pumzi za kwikwi tu. Akaliweka dodoki chini. Akapapasa kwenye kifurushi, akatoa kibuyu kidogo cha mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe.

"Basi mpake haya. Mpake angali na unyevu, yashike."

Wakampaka wawili. Mmoja mikono, mmoja miguu. Kisha Somoe akachana kanga yake kuukuu, ile iliyolainika kwa kufuliwa, akamfunga vitambaa kwenye viganja asijikune. Kucha akamng'ata kwa meno, wembe angetoa wapi.

Hadija akalala usingizi ambao hawakuwahi kuuona tangu maradhi yaanze.

Hakupona siku ile, tusidanganyane. Waliendelea hivyo kila siku. Maji ya baridi, mafuta, kitambaa laini. Mahali pabichi pakakauka. Magamba yakaanza kudondoka yenyewe.

Asubuhi moja wakasikia sauti za askari chini ya pango. Buti kwenye mawe, mtu anatoa amri. Kina mama wakawafunika watoto midomo. Somoe akainama kumtazama wake.

Amelala fofofo. Mikono imefungwa kama vitumbua viwili, mafuta yanang'aa shavuni.

Hakumziba mdomo. Alimwacha apumue.

Askari wakapita. Sauti zikaenda zikaenda, mpaka wakabaki wanasikia maji yanadondoka tu. Bibi alisema watu walicheka bila sauti, wanashikana mabega. Yule mzee akaja mpaka mwisho wa pango, akamgusa mtoto unyayo, akaondoka.

Bi Mwajuma akasema polepole, "Somoe mwanangu, lile neno nilikuonea. Ni maradhi tu."

Somoe akamjibu, "Yameisha, mama." Halafu akalia kilio ambacho alikuwa amekibana tangu Kinjumbi.

Vita viliisha vibaya, hilo mnalijua. Ikafuata njaa, watu wakala ming'oko ya porini. Wengi hawakurudi.

Saidi alirudi. Alikuwa ametekwa, akabebeshwa mizigo ya askari, akaachiwa akiwa mifupa mitupu. Aliingia uani akamkuta mtoto wa kike anasimama dede kwa kushika kinu. Mashavu laini kabisa. Akampita, akamfuata mkewe jikoni.

"Somoe, huyu mtoto wa nani?"

Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwita mama mkwe wake aje asikie, nao wakacheka wote wawili, Saidi kasimama haelewi anachekwa nini.

Bibi aliponisimulia hapo na yeye akacheka, huku anamkausha mwanangu kwa kumgusagusa na kanga, hasugui. Na mimi nikajikuta nacheka, mara ya kwanza tangu nijifungue.

Mwanangu tulimtuliza hivyohivyo. Maji yasiyo ya moto, haogi muda mrefu, sabuni kali hapana, mafuta mwili ukiwa na unyevu, nguo laini, kucha fupi. Upele ulipomzidi nilimpeleka hospitali wakampa krimu, nayo ikasaidia. Alivyokua ulipungua. Leo ana watoto wake.

Angalizo: mafuta ya nazi yalimfaa wangu, wako yanaweza yasimpende. Jaribu sehemu ndogo kwanza. Na ukiona usaha au homa, usikae nyumbani unasoma uzi wangu, nenda kwa daktari.

Nilichojifunza mimi ni kwamba huu ugonjwa unamchosha mama kuliko unavyomchosha mtoto. Ukimkuta mama wa namna hii usimuulize alikwenda kwa nani. Mpokee mtoto, na yeye alale.

Haya, nimemaliza. Wa Tingi, wa Mtama, na popote mlipo, kwenu mtoto mwenye ngozi hii anatulizwaje? Na madaktari mliomo humu, nikosoeni nilipokosea. Chai ninayo mkononi, nawasoma.