Udongo wa Paa la Tembe

Mwaka 1997, nikiwa na miaka thelathini na moja, tabu ilinianza kwa mvua. Usicheke. Sisi wa Ihanja tumezoea kulilia ukame.

Nilikaa kwenye tembe alilojenga baba, paa lake bapa, la udongo. Kiangazi udongo ule hupasuka, na kwetu mtu hupanda juu akaongeza mwingine kuziba nyufa. Miaka ilikuwa mikavu, tukaongeza weee; wa zamani hakuna aliyeuondoa. Elinino ilipokuja, mvua haikukata. Udongo ukanywa maji, miti ya paa ikalemewa. Asubuhi moja boriti ya mlangoni ikavunjika, paa la upande ule likashuka na kuziba mlango. Ndani nilikuwa na mke wangu, mja mzito, na dirisha letu lilikuwa tundu la kupitisha moshi tu. Boriti zilizobaki zinalia juu yetu. Nikichimba kifusi kwa mikono, kingine kinaporomoka.

Baba akaja, akasimama nyuma ya ukuta. Nikamwamkia, hata ukifukiwa, mkubwa huamkiwa. Nikamwomba achukue sururu avunje ukuta. Akaanza kunieleza alivyoukanda udongo wake kwa miguu yake, na kwamba mvua ingekata mchana. Hapo mke wangu, ambaye hakuwahi kumpandishia mkwe sauti, akasema:

"Baba, ukuta utajengwa tena. Mimi nitajengwa na nani?"

Sururu ikaanza kugonga. Tundu lilipotosha, mke wangu akatoka kwanza, nikafuata nikitambaa kwa tumbo. Hatujafika kwa jirani, paa lote likalala chini.

Baadaye bwana shamba alitueleza kwamba kuna bahari kubwa, mbali sana, miaka mingine maji yake hupata joto, nasi tunanyeshewa kupita kiasi, yakipoa, tunakauka. Baba akasema utotoni aliona mvua kama ile, mbuga za bondeni zikawa ziwa, kisha miaka mikavu ikafuatana mpaka watu wakasahau. Kumbe ndiko tuliko, katikati ya hayo mawili, na zamu hakuna aijuaye. Mimi niliishia darasa la tatu, bahari sijaiona, lakini imenishika shingo. Redio ikitaja elinino, nashinda natazama juu, na juu ni bati. Watoto wanasema nihame. Nihamie mbingu ipi?

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, milango miwili. Ng'ombe kumi na wanane. Plau moja. Shamba la alizeti juu kwenye udongo wa kichanga, la mpunga chini mbugani. Mwaka wowote moja linaniangusha. Baiskeli. Vyote nimenunua mwenyewe.