Mitungi Chini ya Mabati

Juzi darasani, mwanafunzi wangu mmoja alibadilisha kipimo cha mvua kwenye kompyuta, na mstari wa buluu ukapanda kwenye grafu. Nikasikia harufu ya vumbi la Mwala, nilikokulia.

Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, nilikuwa nimemfuata dada yangu shule ya upili, nikawa nachungulia dirishani. Darasa lilinuka chaki na jasho. Mwalimu wao aliandika kiasi cha mvua kwenye kompyuta, na bwawa la kijiji chetu, lililokauka kitambo, likajaa maji pale kwenye skrini. Wanafunzi wakapiga makofi. Sikujua kwamba ile ilikuwa hesabu tu. Nilidhani ameiita mvua.

Nilikimbia hadi nyumbani. "Mama, mvua inakuja! Mwalimu ameileta na kompyuta!"

Mama alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Hakucheka.

"Basi lete mitungi," akasema.

Tukaipanga yote chini ya mabati, ikigongana, kisha tukakaa mlangoni kungoja.

Siku hizi hesabu ile naifundisha mimi, na Mama tulishamzika. Lakini mstari ule ukipanda, bado nangoja kumsikia akisema nilete mitungi.