Mashimo Mawili ya Sungura

Kila ninapofungua kopo la kola, gundi ya mbao, katika karakana yangu, harufu yake hunirudisha Kamembe, mji wa Rwanda mpakani mwa Kongo. Nilikuwa binti wa miaka tisa, na likizo nzima nilishinda na Papa, baba yangu, kwenye karakana alikotengeneza milango na vitanda. Alinifunza kazi moja tu: kuziba matundu ya wadudu. Unachanganya unga wa mbao na kola, unashindilia kwa kidole, ikikauka unapiga msasa. Niliiweza, nikajiona fundi kamili.

Basi mwalimu mmoja Mjapani, mama mpole aliyefundisha hesabu pale mjini, akatuletea sungura wa mbao asiyezidi dole gumba. Wenyewe huita netsuke. Alimrithi kwa babu yake, na sikio moja lilikuwa limevunjika. Papa alimaliza siku mbili akilichonga jipya. Alipokwenda kuswali, nikamgeuza sungura. Tumboni, matundu mawili! Nilimhurumia Papa kwa kutoyaona, nikayaziba. Alirudi kabla sijapiga msasa, nikamrudisha sungura haraka kwenye kitambaa chake.

Mwalimu alipokuja alilifurahia sikio, kisha dole gumba lake likasimama tumboni. Akatueleza polepole kwamba kamba ilipita mle. Nguo za zamani za kwao hazikuwa na mifuko, na sungura yule ndiye aliyezuia kifuko cha tumbaku cha babu kisichomoke mshipini. Machozi yalimlenga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Papa akamchukua sungura, akamtazama tumboni kwa muda.

"Ni miye nilifunga, Maman," akasema. "Nilizani ni bidudu bilitoboa. Unisamehe."

Akayazibua palepale kwa sindano ya magunia, jasho likimtiririka. Majirani walimcheka wiki nzima: fundi mzima hajui kutofautisha tundu la mdudu na tundu lililotobolewa kwa keekee! Yeye alicheka nao. Mimi nilinyamaza, nikishukuru kwamba Papa alidhani ameyaziba mwenyewe akasahau.

Niliamini hivyo miaka mingi, hata baada ya kumzika. Kisha siku moja, nikiziba tundu kwenye mlango wa mteja, niliona kola ilivyoshika alama ya kidole changu. Vidole vya Papa vilikuwa vipana kama vijiko. Alama aliyoitazama siku ile, kabla ya kusema ni yeye, ilikuwa ya mtoto.

Nililia mbele ya mlango wa watu.