Ghorofa ya Baba Ng'ambo ya Mto

Serikali iliposema kila mtu achangie gharama za matibabu isipokuwa maskini, ndipo nilipogundua kwamba sisi si maskini. Nilikuwa sijui. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza la saba zamani, nauza vitumbua asubuhi pale stendi ya Ifakara, na gauni la kanisani nilikuwa nalo moja. Ningejulishwa mapema kwamba nyumbani tuna mali kiasi kile, jamani, si ningeringa hata kidogo!

Baba alikuwa na ngiri, na hiyo ngiri ndiyo iliyotufanya tuanze kujieleza kwa watu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya miwa, mbali na nyumbani, akilala kwenye kambi za wakata miwa, wamebanana chumbani, taa inazimwa na msimamizi kana kwamba wanaolala mle ni kuku. Alipoanza kuzeeka wakamwambia asante, akarudi Ifakara kwa mama. Akajenga nyumba ya udongo, akaiezeka kwa nyasi. Halafu akavuka mto, akaenda kwenye shamba la mpunga ambalo mama alikuwa akililima siku zote hizo, akajenga dungu.

Kwa asiyelijua bonde letu, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mpunga ukianza kutoa masuke unahamia huko na sufuria zako. Mchana unaamia ndege, yaani unawafukuza wasile mpunga, usiku unafukuza nguruwe pori, na mto ukifurika maji yanapita chini yako. Kila mwenye shamba analo. Wenzake baba walitumia mti wowote uliokuwa karibu, lakini yeye alitaka nguzo za mkongo, mti mgumu na mzito ajabu, akazibeba begani kutoka porini. Ile ya mwisho ndiyo iliyomletea ngiri. Alifika nayo, akaisimamisha, akashindilia udongo, ndipo akakaa chini akasema, "Mama watoto, kuna kitu kimeshuka."

Daktari alimpapasa akasema apasuliwe, tena mapema, maana utumbo ukijinyonga mle ndani baba hatafika jioni. Pesa ya upasuaji hatukuwa nayo. "Ombeni msamaha wa matibabu," daktari akatuambia. "Nyie mnastahili kabisa." Wakati anasema hivyo alikuwa anatutazama miguuni.

Basi ikaja nyumbani kamati ya kutupima umaskini. Ilikuwa ya watu wawili: afisa wa ustawi wa jamii, kijana mpole mwenye viatu vyeusi vya kung'aa na karatasi ya maswali, na mwenyekiti wa kitongoji chetu. Mama alikuwa ametuandaa barabara. Kuku walipelekwa kwa jirani, redio ikafunikwa kwa khanga, na mimi nikakatazwa kuvaa ndala. Baba hakuambiwa kitu, na hapo ndipo tulipokosea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba, karibu."

"Mzee, una nyumba ngapi?"

Baba akajiweka sawa kwenye kigoda. "Mbili."

Mama akakohoa. Baba akamgeukia, akamwambia, "Kunywa maji."

"Nyingine iko wapi?"

"Ng'ambo ya mto, shambani. Nyumba imara ile. Unapanda ngazi, unakaa juu, upepo unapita."

"Juu? Yaani ghorofa?"

Baba akalifikiria lile neno. Niliona kabisa jinsi lilivyomkaa vizuri. "Ndiyo," akasema. "Kwa kusema kweli, ni ghorofa."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Lakini leo nikikumbuka namwelewa. Mtu amelala kwenye vyumba vya watu miaka yote ile, halafu serikali yenyewe inakuja mpaka kwake na kalamu, inamwita mzee, inamuuliza ana nyumba ngapi. Mlitaka ajibu nini?

Afisa akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alijua dungu ni nini, alikuwa nalo lake, tena kubwa kuliko letu. Angesema neno moja tu, mambo yangeisha. Lakini kabla ya hapo, kwenye kampeni ya nyumba bora, alikuwa amepeleka taarifa wilayani kwamba nyumba kitongojini kwake zimeongezeka maradufu, akapongezwa mbele za watu na kupewa jembe jipya. Hizo zilizoongezeka zilikuwa madungu! Sasa akaanza kutazama dari, na nyumba yetu haikuwa na dari. "Nyumba ni nyumba," akasema.

"Basi itabidi niione," afisa akasema.

Tukavuka kwa pantoni, halafu tukaingia kwenye tope. Viatu vya afisa viliaga dunia mapema sana. Akavivua akavishika mkononi, nami nikamhurumia kidogo, kidogo sana. Baba naye alikuja. Alitembea ameshika kinena, kila baada ya hatua chache anasimama na kujifanya anatazama mpunga wa watu. Tulimsihi abaki nyumbani, hakusikia. Hakutaka mtu mwingine amwonyeshe mgeni nyumba yake.

Tulipofika tu mvua ikamwagika, tukapanda sote juu. Mama alikuwa amenuna njia nzima, lakini alipoona mgeni amelowa anatetemeka, akasahau kabisa kwamba sisi ni maskini. Mama yangu ni Mndamba, na hawezi kumwacha mgeni aondoke na njaa hata kama mgeni amekuja kumwibia. Akanituma mgononi, kwenye mtego wetu wa samaki, nikarudi na perege walionona. Akapika wali. Akaunga wale perege kwa nyanya na kitunguu cha mwisho tulichokuwa nacho.

Afisa alikula. Alikula, nawaambia! Akalamba vidole, akaegemea nguzo, akatazama bonde lote mpaka milima ya Udzungwa, akasema kwao hawana upepo mzuri namna hii. Halafu, huku anahema kwa shibe, akatoa karatasi yake.

"Samaki mnakula mara kwa mara?"

"Wakiingia mgononi," mama akasema.

"Na usiku hapa kuna mlinzi?"

"Walinzi si ndio sisi wenyewe? Tunalinda mpunga usiliwe na nguruwe."

"Kwa hiyo ulinzi upo," akasema, akaandika.

Jibu lililetwa na mwenyekiti. Alisimama nje ya mlango akakataa kuingia. Kaya yetu, akasoma, ina nyumba mbili, moja ya ghorofa, ina ulinzi na lishe nzuri, haistahili msamaha. Akakunja karatasi. "Labda mkibaki na nyumba moja," akasema huku anatazama pembeni, "wanaweza kuangalia upya." Mama akamuuliza lile jembe la zawadi analilimia wapi siku hizi. Mwenyekiti akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo nyumbani palichafuka.

"Nenda kamwambie yule kijana lile ni dungu," mama akamwambia baba. "Dungu! Kitu cha kufukuzia ndege!"

"Nimeshamwambia ni nyumba yangu."

"Basi libomoe."

"Mpunga umeshatoa masuke, mama watoto. Ataamia nani, amesimama kwenye maji?"

"Na wewe ukifa, huo mpunga ataula nani?"

"Mtaula nyie. Na pa kukaa mtakuwa napo."

Mama akatupa mwiko ukutani. Akalia kwa hasira, mimi nikalia kwa kumwona yeye analia, na baba akatoka nje taratibu, ameshika kinena chake, akakaa chini ya ukuta. Nilikuwa na hasira naye mpaka kesho yake nikaunguza vitumbua karai zima. Mtu mzima anakufa kwa sababu ya heshima ya kibanda cha ndege! Ningeweza kumpiga, kama si baba yangu.

Kisha ngiri ikakaza. Ilimkaza jioni moja mpaka akatapika, akajikunja kitandani, anauma shuka asipige kelele. Tukamlaza chali, tukambembeleza kama mtoto, mwisho ikarudi ndani yenyewe. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja akamtazama, akamvuta mama pembeni. "Safari hii imerudi," akamwambia. "Safari nyingine msitegemee."

Alfajiri mama akachukua jembe na panga, akaniambia nimwambie baba amekwenda kuamia ndege. Alirudi jioni na ngazi kichwani. Alikuwa na tope mpaka kiunoni na viganja vimechubuka vyote. Akaificha ngazi nyuma ya nyumba, akaniambia, "Nimeliondoa." Nikamchemshia maji ya kuoga.

Kesho yake tukaibeba ile ngazi kwenda kwa afisa, mama mbele mimi nyuma. Wenye baiskeli wakatupigia kengele mji mzima, mmoja akauliza kama tunakwenda kupaka rangi benki. Tukaingia nayo ofisini, tukailaza mbele ya meza yake.

"Ghorofa haipo tena," mama akasema. "Ngazi yake hii hapa."

Afisa akainuka, akaizunguka, akaipiga teke kidogo. "Mama," akasema kwa upole, "kama ngazi bado ipo, basi uwezo wa kupanda juu bado upo."

Mama akaiburuta ngazi mpaka nje, akatoa panga alilokuwa amelifunga kiunoni ndani ya khanga, akaanza kukata. Watu wakatoka ofisi za jirani kutazama. Akaikata yote ikawa kuni, akazipanga vizuri mlangoni kwa afisa, akajipangusa jasho. "Haya, chemshieni chai," akasema. "Sukari mtatafuta wenyewe."

Sijui afisa aliogopa au aliridhika, lakini aliandika papo hapo. Akasoma kwa sauti kwamba hali ya kaya imeshuka na sasa inastahili. Akagonga mhuri, akatupa mkono sote wawili. "Hongereni sana mama," akasema. Eti hongereni! Nilitoka pale nacheka mpaka mbavu zinauma, na mama akanifinya ninyamaze.

Baba tulimwambia tu kwamba afisa amefikiria upya. Alifurahi mno. "Nilijua yule kijana ana akili," akasema. "Nilimwona jinsi alivyoipenda nyumba yangu." Mama akainama akajifanya anachambua mchele.

Baba akapasuliwa, na mambo yakaenda salama. Siku alipoweza kukaa nilimpelekea uji wodini, nikamkuta mama ameketi pembeni ya kitanda. Baba alikuwa na maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Mpunga je?"

"Ndege wanakula," mama akasema.

"Kwani kule yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa wewe unakaa hapa unanitazama mimi ninayeangaliwa na wauguzi? Nenda kalale dunguni, mama watoto. Mtakula nini mwaka huu?"

Mama akakiweka kikombe cha uji chini. "Dungu hakuna," akasema. "Nimeliondoa mimi. Ndilo lililokuwa linakunyima hiki kitanda."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Nami nikasogea karibu na baba, maana namjua, nikaogopa atainuka. Hakuinuka. Alikuwa anatazama viganja vya mama.

"Nguzo zangu umezikata?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Sijakata hata moja. Nimezichimbua."

"Zote?"

"Zote. Nimeziburuta mpaka juu ya kichuguu, nikazifunika nyasi, maji yasizibebe."

"Peke yako?"

"Ulitaka niite kamati?"

Baba akajivutia shuka la hospitali usoni. Mwili wote ukaanza kutikisika, anacheka na kulia kwa pamoja, na mama akamshikilia pale kwenye kidonda kwa viganja vyake vilivyochubuka, anamwambia, basi, basi baba watoto, acha, mshono utaachia.