Radhi Niliyoshindwa Kuitamka Likoni

Ndugu zangu, leo mchana nimesahau maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu.

Tamthilia yetu ya Likoni niliitunga na kuiongoza, kuigiza sikukusudia. Lakini mwigizaji wa nafasi ya baba alikwama kwenye foleni ya kivuko, na ukumbi ulikuwa umeshajaa.

Nikavaa kanzu ya mchezo, nikapanda jukwaani.

Mama yangu alikuwa safu ya mbele. Nilimhakikishia kwamba kisa ni cha kubuni. (Mungu anisamehe.)

Nikafika pale baba anaporejea baada ya miaka mingi na kumwomba mkewe radhi. Badala ya kumtazama mwigizaji mwenzangu, nikamtazama mama.

Maneno yote yakanipotea.



Mama akainuka, akatengeneza buibui lake.

“Usihangaike, mwanangu. Hata babako alifika hapo hapo akanyamaza.”

Watu wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Haikuwa. Katika kisa kizima, nilichobuni ni ile radhi tu.

Niambieni, mtu hupandaje jukwaa hilo mara ya pili? Maana tulipotoka nje, mama alinishika mkono:

“Kesho panda wewe tena. Nataka niisikie.”