Maua ya Baridi na Kisu cha Baba

Kabla hamjasoma, mnisamehe kwa mwandiko uliolala na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Juni, na kwa mdomo siwezi kulisimulia, maana mbele ya watu sauti yangu hukauka.

Dada yangu anafanya kazi za ndani Njombe, kwenye baridi. Mama mwenye nyumba alikuwa na maua ya milimani, yale yasiyochanua mpaka yapigwe na baridi kali. Alipohama alimwachia dada matunguu yake. Kwa kuyatazama ungesema ni vitunguu vidogo vya kwetu, ila ganda lake ni la kahawia na hayana harufu. Dada aliyaweka kwenye friji muda mrefu, kisha akayatuma nyumbani Kinampanda kwa basi.

Hakuyatuma kwa urembo. Alikuwa amechoka kukaa kwa watu, alitaka kurudi alime maua. Baba alimjibu kwamba huku hakuna shamba la kuchezea. Wakakubaliana hivi: likichanua hata moja, baba atampa ile sehemu yenye majabali nyuma ya nyumba, anapoanikia vitunguu vyake. Yasipochanua, dada asilitaje tena jambo hilo.

Kazi ya kupanda nilipewa mimi. Dada alinielekeza kwa simu nipande katikati ya majabali, upande unaopigwa na upepo, kwenye mchanga wa changarawe ili maji yasituame. Nilichimba asubuhi nzima. Mama alipita na ndoo, akasimama.

"Leo mawe nayo yanatengenezewa kachumbari," akasema, akaenda zake akicheka peke yake.

Niliporudi ndani kuchukua matunguu, nilimkuta baba kwenye kigoda, kisu mkononi, bakuli la majivu miguuni. Alikuwa ameshayakata yote vichwa na kuyapaka majivu. Ndivyo tunavyofanya kwa vitunguu vya mbegu: unakata sehemu ya juu ili vichipue kwa wingi. Hakufanya kwa ubaya. Hata kisu alikuwa amekinoa upya.

"Nimekusaidia," akasema. "Sasa yatatoka haraka."

Niliokota kichwa kimoja chini. Katikati palikuwa na rangi ya njano. Nilikipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na ua. Si dalili ya ua, ni ua lenyewe, dogo kama punje ya mchele, petali zimekunjana, vijiti vya chavua vimesimama, kila kitu mahali pake. Lilikuwa limeshaumbika humo gizani. Kisu kilikuwa kimelipitia ubavuni.

 Nilimwekea baba kiganjani. Aliligeuzia mwanga wa mlangoni, akalitazama mpaka nikaogopa.

"Lilikuwa humu?" akauliza. "Tayari?"

Baba amekata vitunguu tangu hajaoa, na hajawahi kukuta ua ndani. Alipasua kichwa cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa na ua. Akafuta kisu kwenye suruali, akakifuta tena.

Jioni baba mwenyewe alimpigia dada simu, akaweka spika. Dada akamwamkia shikamoo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona baba amesahau kuitikia.

"Maua yako nimeyaua," akasema. "Nimeyakata vichwa. Yote."

 Baba akamwambia aje tu, sehemu ya majabali ni yake.

"Sitaki kupewa kwa kuhurumiwa, baba," dada akasema. "Nitakuja yakichanua."

Tuliyapanda hivyo hivyo. Sasa yametoa majani, ncha zake butu kama zilizonyolewa. Baba huyapitia kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na mbuzi wa jirani waliozoea kupita hapo wamekoma.

Kama kuna anayeyajua maua haya, namwomba aniandikie: tunguu lililokatwa kichwa huweza kuumba ua lingine msimu ujao, au litabaki majani tu? Hata kama jibu ni baya, andikeni. Barua nitaisoma mimi kwanza, halafu nitajua nimsomee vipi baba.