Picha Aliyoiacha Mzee Metodi

Wifi yangu Zdravka Ilieva amepanga kurasa kwa miaka ishirini na saba katika duka letu la uchapaji, na hajawahi kukubali kwamba kompyuta inaweza kumshinda. Ikileta ukorofi, anaitukana kwanza, halafu anaikagua polepole kama mtu anayesaka kunguni kwenye godoro. Mimi kazi yangu ni kukata karatasi. Anapenda sana kunikumbusha hilo.

Asubuhi nyingi tunachapa matangazo ya misiba, yale ya kubandika milangoni na kwenye nguzo. Lakini siku ya Mtakatifu Trifoni, sikukuu ya wakulima wa mizabibu, tulikuwa na kazi ya furaha: tangazo la mfalme wa mizabibu, mkulima anayevishwa taji kwa mavuno bora ya mwaka. Mzee Metodi, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa ameusubiri ufalme huo miaka kumi na tisa, na kila mwaka jirani yake alimpiku kwa mavuno. Safari hii zamu ilikuwa yake. Maandamano yangeanza saa sita, na tangazo lilitakiwa liwe ukutani kabla ya hapo.

Zdravka akafungua faili. Maneno yalikuwa yametawanyika, mapengo katikati ya kila mstari, na mahali pa picha palikuwa na kijivu kitupu.

"Si ufute tu hizo nafasi, moja moja?" nikasema.

"Wifi, kata karatasi."

Akabofya huku na kule, kisha akacheka peke yake. Tangazo alikuwa amelijenga juu ya tangazo moja la msiba, na fremu ya zamani, kisanduku kitupu kisichoonekana, ilikuwa bado imekaa katikati ikiyasukuma maneno pembeni. Akaifuta. Mistari ikakaa vizuri, naye akapiga makofi.

Ikabaki picha. Programu ile haimezi picha. Inakumbuka tu mahali ilipo, na hii ilikuwa kwenye flashi aliyoondoka nayo Metodi mwenyewe. Zdravka akaiambia kompyuta itafute picha yenye jina la Metodi, ikaleta moja papo hapo. Macho yake yalikuwa bado kwenye ile mistari, anaifurahia. Akachapa nakala arobaini, mimi nikakata bila kuzitazama.

Ndipo Mzee Metodi akaingia, taji la matawi ya mzabibu kichwani, ananukia mvinyo. Akachukua tangazo moja. Akalisogeza karibu na macho.

Nikachungulia. Suti nyeusi, tai, uso umekunjwa. Wazee wetu wengi huja mapema kuchagua picha ya tangazo lao la msiba, na Metodi alituachia yake mwaka aliomzika mkewe. Hata tangazo lenyewe tulikuwa tumeshalipanga, imebaki kujazwa tarehe tu.

"Mzee wangu," Zdravka akasema, "nimekuharibia siku yako."

"Kwani nimetawazwa au nimezikwa?" mzee akauliza. "Niambieni mapema, nijue kama ninywe."

Kisha akaangua kicheko, taji likamtelezea sikioni, tukacheka wote mpaka machozi. Zdravka akanyakua simu akampiga picha hivyo hivyo, mdomo wazi, meno yake matatu nje. Akaihifadhi kwa jina lilelile, mahali pa ile ya suti. Tangazo la ufalme likabadilika papo hapo, tukaanza kuchapa upya.

"Na lile la msiba wake je?" nikauliza.

Akalifungua. Nalo lilikuwa linachota picha palepale: chini ya maneno ya huzuni, Metodi na taji lake, anacheka. Zdravka akakimbilia kuirudisha suti.

Mzee akamshika mkono. "Liache, mwanangu. Ile niliichagua siku nilizokuwa natamani kumfuata mke wangu Stanka. Sasa sina haraka."